Je, wajua kwa nini tapeli wa WhatsApp hukuomba tarakimu sita?

Saa nne asubuhi, Kariakoo. Dada anayeuza vitenge anamkunjia mteja doti ya pili, mara simu inaita mlio wa meseji. Ni mwenzake wa kikoba: "Shoga, nimekosea nikatuma namba kwako, hebu nirudishie." Anafungua meseji za kawaida, kweli anakuta tarakimu sita zimeingia sasa hivi. Anazituma, anaendelea kukunja. Haipiti dakika tano WhatsApp yake imemtoa nje, na wateja wake wanaombwa hela kwa jina lake.

Wengi husema, "Nimedukuliwa." Lakini mdukuzi ni yule anayepenya mfumo wenyewe. Hapa hakuna mfumo uliopenywa, na ndiyo maana mtu huyu alilazimika kuomba. Alichofanya kinaitwa hadaa: kumlaghai mwenye mali mpaka atoe ufunguo kwa mkono wake.

Ufunguo ni zile tarakimu. Mtu akiandika namba yako ya simu kwenye WhatsApp ya simu nyingine, kampuni haimjui ni nani. Kwa hiyo inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako, kwa kuamini kwamba atakayeisoma ndiye mwenye laini. Kubahatisha hakumsaidii: tarakimu sita zina michanganyiko 1,000,000, na akikosea mara chache anazuiwa kwa muda. Njia rahisi ni kukuuliza wewe. Na yule "mwenzake wa kikoba" naye alikuwa ameshaibiwa akaunti saa hiyo, ndiyo maana meseji ilifika na jina na picha anayoiamini.

Wenye maduka huniuliza sana: si WhatsApp yenyewe hutuambia meseji zimefungwa, hata kampuni haizisomi? Ni kweli, tangu 2016. Huo unaitwa usimbaji fiche: meseji inageuzwa kuwa fumbo njiani, na anayeweza kulifumbua ni anayepokea tu. Shida ni kwamba tapeli akishasajili namba yako, anayepokea ni yeye. Mazungumzo ya zamani yanabaki kwenye simu yako, hayaoni. Ila makundi anayaona, la kikoba na la wateja, pamoja na namba za waliomo. Hapo ndipo anapovuna.

Kinga ipo tangu 2017 na ni ya bure, nami naumia kuona ni wafanyabiashara wachache walioiwasha. Ingia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Maana ya "hatua mbili" ni hii: hatua ya kwanza inathibitisha kitu ulichonacho, yaani laini, ya pili inathibitisha kitu unachokijua. Tapeli akipata kimoja, bado anakwama kwenye kingine. Usiweke mwaka wa kuzaliwa, wala namba ileile ya kutolea pesa kwenye simu.

Kuna wizi mwingine ambao hauhitaji useme neno: kuhamishiwa laini. Mtu anajifanya ni wewe, anaomba laini mpya ya namba yako, na meseji zote za uthibitisho zinaanza kuingia kwake. Dalili yake ni mtandao kukatika ghafla kwako wakati majirani wote wanao. Ukiona hivyo usisubiri jioni, azima simu upige kwa mtoa huduma wako na benki.

Na kama akaunti imeshachukuliwa? Isajili upya kwenye simu yako mara moja. Zitakuja tarakimu sita mpya, na ukiziingiza tu, yeye anatolewa. Akiwa ameweka namba yake ya siri utasubiri siku 7 ndipo uingie, lakini siku hizo hata yeye hayumo. Kwa sisi wa Tanzania, namba anayotaka atumiwe hela ipelekwe TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, kwa meseji kwenda namba 15040.

Wakati unasubiri, wapigie wateja na wanakikoba kwa sauti. Meseji watakuwa hawaziamini tena siku hiyo, na sauti yako wanaijua.