Simtek na maana ya muundaji katika Formula 1

Katika mbio za magari za Formula 1, muundaji ni yule anayesanifu na kumiliki chasisi ya gari, yaani kiwiliwili chake: mahali anapokaa dereva na panapofungwa injini, magurudumu na mabawa yanayoligandamiza gari barabarani. Injini si lazima awe ameitengeneza yeye. Ferrari hutengeneza vyote viwili, lakini Waingereza wengi wenye mtaji mdogo walinunua injini ya Ford-Cosworth, akili na jasho lao wakavimaliza kwenye chasisi. Ndiyo maana karakana ndogo iliweza kushindana na kampuni kubwa.

Muundaji na timu si lazima wawe kitu kimoja. Hesketh walipoingia mwaka 1973, dereva wao James Hunt aliendesha gari lililoundwa na kampuni ya March, kwa hiyo Hesketh walikuwa timu tu. Mwaka uliofuata wakaleta gari lao, 308, na mwaka 1975 Hunt akashinda nalo Zandvoort, Uholanzi. Kufikia miaka ya 1990 njia ya kununua gari la mwingine ilikuwa imefungwa. Aliyetaka kuingia ilimbidi aunde lake.

Simtek ya Banbury, Uingereza, ilifanya hivyo. Mhandisi Nick Wirth aliianzisha mwaka 1989 pamoja na mwanasheria Max Mosley, kwanza kama kampuni ya utafiti na usanifu. Mwaka 1994 ikaleta gari lake, S941, lenye injini ya Ford V8, yaani ya silinda nane. Wirth alikuwa hajatimiza miaka 30. Madereva walikuwa David Brabham wa Australia na Roland Ratzenberger wa Austria.

Msimu huo magari 28 yaligombea nafasi 26 za kuanza mbio, zilizotolewa kwa waliokimbia kasi zaidi katika majaribio, kwa hiyo kwa Simtek hata kuanza tu kulikuwa vita. Tarehe 30 Aprili, huko Imola, Italia, Ratzenberger alikuwa akiipigania nafasi hiyo. Alitoka nje ya barabara kidogo, bawa la mbele likapata hitilafu, naye akaendelea kutafuta muda mzuri. Katika mzunguko uliofuata, akiwa katika mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, bawa likakatika na gari likagonga ukuta. Alifariki akiwa na miaka 33. Kesho yake Ayrton Senna wa Brazil, bingwa wa dunia mara tatu, naye akafa katika mbio hizo hizo, na dunia ikamlilia Senna. Brabham alishiriki mbio za Jumapili hiyo ili wenzake katika timu wasivunjike moyo. Kwangu mimi, huo ni ujasiri usiopimwa kwa pointi.

Pointi zenyewe Simtek haikupata hata moja. Matokeo yake bora yalikuwa nafasi ya tisa, mara mbili. Lakini si haki kuiita timu ya kusindikiza wengine. Mwaka 1995 nchini Argentina, Jos Verstappen, baba yake dereva Max Verstappen, alilifikisha gari jipya la Simtek, S951, nafasi ya sita, nafasi yenye pointi, kabla giaboksi haijamwangusha. Gari lilikuwa zuri. Kilichokosekana ni fedha. Wadhamini waliotarajiwa hawakuleta za kutosha, na baada ya mbio tano tu, za mwisho zikiwa Monaco, Simtek ikaanguka ikiwa na deni la mamilioni ya pauni. Wirth akachukuliwa na timu ya Benetton.