Uso sio uso: mambo tunayodanganyana kuhusu Jimmy na Jey

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Enzi zile za banda la video mtaani, mnabanana kwenye benchi na joto lile, mimi ndo nilikuwa nawaambia watu kwamba Jimmy na Jey, wale mapacha wa WWE, mieleka ya Marekani, wanaitwa Uso kwa sababu wanajipaka rangi usoni. Na nilikuwa sina wasiwasi hata kidogo, si ushahidi huo hapo kwenye tivii, sura imechorwa mistari, jina Uso, unataka nini tena? Banda zima lilikubali. Kuna mshkaji mpaka leo analiamini na mimi nimeshachoka kumsahihisha.

Kumbe neno lenyewe ni la Kisamoa, na maana yake ni ndugu wa jinsia moja na wewe, kaka kwa kaka au dada kwa dada. Sio hata jina la ukoo. Ukoo wao ni Fatu, Jimmy ni Jonathan na Jey ni Joshua, wamezaliwa Agosti 1985 San Francisco. Rangi yenyewe waliiacha 2016 walipogeuka kuwa wabaya wa stori ulingoni, jina likabaki. Na ile ngoma waliyokuwa wanaingia nayo, ya kupiga mapaja na kutoa macho, ni Siva Tau, ngoma ya vita ya Wasamoa, ile ile timu ya raga ya Samoa inacheza kabla ya mechi.

Sasa hilo ni dogo. Kubwa ninalolisikia kila siku ni hili la "wamebebwa na baba".

Baba yao ni Rikishi, na najua ukitaja hilo jina kila mtu anakumbuka kitu kimoja tu, lile jitu la makalio makubwa likimkalisha mtu kwenye kona na kumfuta nalo sura. Ndiyo huyo. Kwanza na yeye wengi wanamwita Mjapani, eti kwa sababu ya jina na kile kinguo cha sumo, wakati ni Msamoa wa Marekani, na Yokozuna naye hivyo hivyo, ni binamu yake kabisa, alizaliwa hapo hapo Marekani akauzwa kwetu kama mtu wa Japani na tukanunua bila kuomba risiti.

Turudi kwenye kubebwa. Kwamba jina la baba liliwafungulia mlango, hapo sibishani na mtu. Ila angalia usiku wenyewe walioingia WWE, tarehe 24 Mei 2010, wanavamia kundi la Hart Dynasty. Upande huu mapacha wa Rikishi pamoja na Tamina, mtoto wa Jimmy Snuka. Upande ule David Hart Smith, mtoto wa British Bulldog, na Natalya, mtoto wa Jim Neidhart. Mule ndani ambaye baba yake hakuwa mpigana mieleka ni Tyson Kidd peke yake, na yeye baadaye akamuoa Natalya! Kwa hiyo niambie, kama karibu kila mtu ulingoni kaja na baba yake, hiyo faida inakuwa ya nani? Walisota karibu miaka minne bila mkanda wa ubingwa. Mkanda wa kwanza ulikuja Machi 2014 pale Chicago, walipowanyang'anya wakongwe wawili, New Age Outlaws, na hata pale mmoja wa wale wazee, Road Dogg, ni mtoto wa Bob Armstrong. Halafu Rikishi mwenyewe hakuanza kama staa, alianza kwenye tagi timu, ile mieleka ya wawili kwa wawili wanaopokezana, akiwa na binamu yake Samu wanajiita Headshrinkers, wakabeba mkanda 1994, jina la Rikishi likaja miaka kama mitano baadaye. Yaani alichowarithisha watoto ni kazi ya wawili wawili, ustaa wa peke yake haukuwemo kwenye begi. Machi 2015 alipoingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa WWE, waliomtambulisha jukwaani ni hao hao wanawe.

Haya, Roman Reigns, staa mkubwa wa WWE anayetajwa kama ndugu yao. Watangazaji wanasema binamu, sisi tunasema kaka yao, wengine wanasema walitungwa tu kuwa ndugu kwa ajili ya stori. Fuata hapa taratibu. Afa na Sika, wale wapigana mieleka wa zamani waliojiita Wild Samoans, walikuwa na dada yao, Vera. Vera ndiye mama yake Rikishi, kwa hiyo Sika ni mjomba wake Rikishi. Roman ni mtoto wa Sika. Basi Roman ni binamu wa Rikishi, na kwa wale mapacha, kwa hesabu za kwetu, ni baba mdogo! Kawazidi miezi mitatu tu, yeye Mei 1985 wao Agosti, lakini ungekuwa ukoo wa Kitanga angekuwa anaamkiwa shikamoo kila asubuhi na anaitikia bila aibu. Mimi tangu nielewe hili, ile stori yote ya Roman kudai aheshimiwe kama mkubwa wa ukoo naiona tofauti kabisa, Wamarekani wanaona jamaa ana kiburi, mimi naona baba mdogo anadai haki yake.

The Rock je? Huyo damu haimo. Babu yake, Peter Maivia, alikuwa ndugu wa kuchanjiana na baba yao Afa na Sika. Sisi hatuhitaji maelezo marefu hapo, mtu mkichanjiana ni ndugu na habari imeisha, wanaobishana mitandaoni kama ni ndugu "wa kweli" waendelee tu.

Dhana nyingine inayonikera: tagi timu ni ya wale wasioweza kusimama peke yao. Hivi umewahi kuangalia kwa makini? Yule anayesubiri nje anatakiwa ashike kikamba kilichofungwa kwenye kona, akikiachia, mguso wa kupokezana hauhesabiki. Wakipokezana, anayetoka ana hesabu ya tano tu awe ameshatoka ulingoni. Kwa hiyo mechi nzima ni ya mtu mmoja anayekula kipigo kule kona ya mbali, anajikokota, anakaribia mkono wa mwenzake, anavutwa mguu anarudishwa, anajikokota tena, na wewe kwenye benchi unapiga kelele mguse, mguse! Akiguswa banda linataka kuvunjika. Huo ufundi wa kumfanya mtu akusubiri hivyo ni mgumu kuliko kurusha mateke, na wale mapacha wanaujua hata usingizini. Waangalie na New Day mwaka 2017, kundi lenye Kofi Kingston mzaliwa wa Ghana, usiku ule wa Oktoba ndani ya kizimba mjini Detroit, halafu uje useme ni wasindikizaji.

Namba nazo zipo. Julai 2021 waliwapokonya mkanda Rey Mysterio na mwanawe Dominik (tena baba na mtoto, hii biashara bana), wakakaa nao siku 622. Rekodi ya nyuma ilikuwa ya New Day, siku 483, na kabla ya kuipita waliwapiga New Day wenyewe. Waliupoteza Aprili 2023 kwa Kevin Owens na Sami Zayn, na mechi hiyo ndiyo iliyofunga usiku wa kwanza wa WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote la WWE. Mkanda wa tagi timu haukuwahi kufunga WrestleMania kabla ya hapo.

Kuhusu "ni feki hawaumii" sitakaa sana. Mshindi anapangwa, ndiyo. Sakafu haipangwi, ni mbao juu ya vyuma na kagodoro kembamba juu yake. Jey bega lilimweka nje miezi mingi 2015. Jimmy goti liliharibika kwenye mechi ya ngazi ya WrestleMania 2020, akakosa mwaka mzima.

Na hapo ndo inapotoka dhana ya mwisho, kwamba Jey ndo mwenye kipaji na Jimmy alikuwa mzigo. Watu wanataja Royal Rumble ya Februari 2025, ile mechi ya kutoana mpaka abaki mmoja, Jey alivyomtoa John Cena mwisho kabisa, halafu Aprili akamnyonga Gunther mpaka akagonga mkono na kuchukua ubingwa wa dunia. Alikaa nao siku 51, Gunther akaurudisha. Sawa. Lakini Jey hakuomba kuwa peke yake, goti la kaka yake ndilo lililomsukuma mbele. Rudi Oktoba 2020, kipindi cha korona, ukumbi hauna watu, kuta zimejaa skrini zenye sura za mashabiki. Jey na Roman wako kizimbani na sheria ni moja, anayesema nimeshindwa ndiye kashindwa. Jey anapigwa mpaka unaona haya kuangalia, refa anamuuliza, hasemi. Anaulizwa tena, hasemi. Jimmy anaingia anachechemea na goti lake bovu, anamsihi Roman aache, Roman kama anataka kulia, wanashikana mkono, mara kamgeuka kamkaba shingo. Hapo ndo Jey akasema.