Uraia hausomeki usoni, hata ukizaliwa mpakani

Swali limerudi tena. Safari hii limeletwa na mwanasheria kutoka Dar es Salaam, mtu ninayemheshimu, kwenye semina ya wasaidizi wa kisheria hapa Mtwara mjini: "Lakini nyinyi watu wa mpakani si mnawajua wahamiaji haramu? Mnaishi nao. Mbona hamuwataji?" Ukumbi ukatikisa vichwa kukubali. Ratiba ilikuwa imebana na chai imeshapoa, kwa hiyo jibu naliweka hapa. Atakayeniuliza mara nyingine nitamtumia ukurasa huu, nisije nikamjibu vibaya mbele za watu.

Mimi nazunguka vijiji vya kando ya Ruvuma, mto wa mpaka wetu na Msumbiji, Mtwara Vijijini na Tandahimba. Mafaili yangu ni ya kawaida: mashamba, mirathi, matunzo ya watoto. Hakuna anayekuja ofisini akasema ana kesi ya uhamiaji. Anakuja na mgogoro wa mikorosho, unafungua karatasi zake, na katikati unakuta mtu kaandika kwamba mdaiwa si Mtanzania. Hapo ndipo ninapotaka kufika, lakini kwanza niyamalize yaliyo mepesi.

Ndiyo, watu wanavuka. Wanavuka kufanya vibarua vya palizi na kuokota korosho, wanavuka kuja zahanati, kuzika, kuoa, kupeleka watoto jandoni kwa wajomba. Je, kibarua wa ng'ambo anashusha malipo? Wakati wa palizi, ndiyo, anashusha, na kijana wa hapa asiye na shamba lake ana haki ya kulalamika. Mwenye shamba halalamiki, ila jioni kwenye kahawa utamsikia anawasema vibaya hao hao waliomlimia asubuhi. Korosho nazo huvuka. Bei ikiwa nzuri upande huu, kama ule msimu wa 2018 serikali ilipotangaza shilingi 3,300 kwa kilo, magunia ya ng'ambo huingia usiku na kuuzwa chama cha msingi kwa jina la mkulima wa huku. Huo ni magendo, una watu wake na sheria zake, na mara nyingi mwenye mtaji ni Mtanzania.

Na tunavuka sisi pia, jambo ambalo kwenye semina halisemwi. Rubi zilipogunduliwa Montepuez mwaka 2009, vijana wa Mtwara na Lindi walimiminika huko bila karatasi yoyote, na mwanzoni mwa 2017 Msumbiji ilipoamua kusafisha eneo la machimbo, Watanzania walirudishwa mikono mitupu. Hapa nyumbani hakuna aliyewaita wahamiaji haramu. Tuliwaita watoto wetu waliodhulumiwa.

Wahabeshi wanaokamatwa porini wakielekea Afrika Kusini ni habari nyingine kabisa. Wale wanasafirishwa na mtandao wenye magari, madalali na nyumba za kujificha, na adhabu ya msafirishaji ni miaka 20 jela au faini ya shilingi milioni 20. Naomba usiwachanganye na mama aliyemlaza mtoto wa dada yake aliyevuka na mtumbwi. Watu wanawachanganya kila siku, na maofisa wengine pia, halafu mama wa watu analala mahabusu akiambiwa anahifadhi wahamiaji.

Sasa hilo la kuwajua. Kaa Newala, pale Shimo la Mungu, utazame bonde la Ruvuma. Ng'ambo ya bonde kuna nyanda za Mueda. Huku Wamakonde, kule Wamakonde. Ukienda juu kidogo, Nanyumbu, huku Wamakua na Wayao, kule Wamakua na Wayao. Mstari waliuchora Wajerumani na Wareno mwaka 1886, na wao wenyewe haukuwatosha: Kionga, pale karibu na mdomo wa mto, Wajerumani waliinyakua 1894, Wareno wakairudisha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mzee wa Kionga aliyezaliwa kabla ya hapo alibadilishiwa mkoloni zaidi ya mara moja bila kuhamisha hata kinu chake.

Halafu watu wa ng'ambo wakaanza kuhama kweli kweli. Walikimbia pamba na kazi za kulazimishwa za Mreno, wakaja kuwa manamba kwenye mkonge, Lindi, Tanga, hadi Kenya. Juni 16, 1960 Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, na vita vilipoanza Septemba 1964 wakimbizi wakafurika upande huu. Lindi waliwekwa Rutamba. Nachingwea ndipo wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walipofundishwa. Uhuru ulikuja 1975, wengine wakarudi na wengine wakabaki, kisha vita vya waasi wa RENAMO vikawarudisha wengine huku hadi amani ya 1992. Katika miaka yote hiyo tuliimba kwamba hawa ni ndugu zetu. Walipewa mashamba, wakapanda mikorosho, wakaoa, wakaolewa, wakazikwa. Leo mjukuu wao ana miaka 40, hajawahi kuvuka mto hata kwenda kuvua, na wewe unataka mimi nimtaje. Nimtaje nani?

Wapo wanaodai wanajua kwa kuangalia. Chale za usoni, ndonya, ile kipande cha mdomoni, kwa bibi vizee. Bibi wa Kitangari, huku kwetu, aliyetoga ndonya na bibi wa Mueda aliyetoga ndonya, ukiwaweka kwenye benchi moja, labda wenyewe watajuana kwa ukoo, wewe hutaambulia kitu. Wengine wanasikiliza lafudhi. Kimakonde cha kwetu kinatofautiana na cha ng'ambo, sikatai, lakini mtoto huongea kama aliyemlea. Nimeona Mtanzania wa vizazi vyote akishindwa mahojiano kwa sababu alilelewa na bibi aliyetoka kule, na mtu wa kule akipita vizuri kwa sababu amekulia Masasi na anaongea kama mtangazaji wa redio.

Linaloniudhi kuliko yote ni fomu na mahojiano yenyewe. Swali la kwanza: baba. La pili: babu mzaa baba, alizaliwa wapi, kazikwa wapi. Wamakonde kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Anayekujua, anayekutambulisha, anayebeba historia yako ni mjomba. Wapo watu wazima, raia wasio na doa, ambao baba walimjua kwa jina tu, aliondoka na msimu wa mkonge hakurudi. Sasa huyu anakaa mbele ya ofisa, anaulizwa kaburi la babu mzaa baba, anababaika. Ofisa anaandika: "Ana wasiwasi, hana uhakika wa asili yake." Angeulizwa kaburi la mjomba mkubwa angekupeleka kwa miguu, akakuonyesha na mwembe uliopandwa pembeni. Nimewahi kumwambia ofisa mmoja hivyo. Akanijibu kwa upole, "Ndugu yangu, fomu haina mstari wa mjomba." Kweli haina.

Na sheria? Hapa vitabu vinateleza, mimi sitateleza. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia, Sura 357, ukikisoma kama kilivyoandikwa, kinasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano ni raia kwa kuzaliwa, isipokuwa mtoto wa mwanadiplomasia na mtoto wa adui aliyezaliwa sehemu iliyokuwa imetekwa na adui. Haya, nenda ofisini na kifungu hicho mkononi. Utaambiwa mzazi mmoja lazima awe raia. Ndivyo inavyotekelezwa, na kila anayefanya kazi hii anajua kwamba maandishi na utendaji havisalimiani. Nikiwa mbele ya mteja, nimwambie nini? Nikimwambia wewe ni raia kwa kifungu cha 5, nimemwambia ukweli wa karatasi na kumpeleka kwenye ukuta. Nikimwambia tafuta shahidi wa mama yako, nimekubali tafsiri ambayo sina hakika nayo. Mara nyingi nafanya la pili, kwa sababu mtu anataka kitambulisho kabla ya msimu, hataki kuweka historia mahakamani. Silali vizuri na uamuzi huo. Kenya waliona wakate mzizi: mwaka 2016 waliwatambua Wamakonde wa Kwale kuwa raia, baada ya wao kutembea kuelekea Nairobi kudai. Huku kwetu watu wa namna hiyo wanaitwa walowezi, wanaorodheshwa, halafu wanasubiri.

Basi turudi kwenye maisha ya kila siku. Mtu wa Kilosa, mbali na mpaka, akienda NIDA, ofisi ya vitambulisho vya taifa, anachukua barua ya mtendaji, anapiga picha, anasubiri. Mtu wa Kitaya au Mahurunga, vijiji vyetu vya mpakani, anachukua barua hiyo hiyo kisha anaanza kuhojiwa. Namba ya NIDA ikikwama, huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Bila laini hupokei pesa ya korosho kwa simu, benki hawakufungulii akaunti, mkopo wa kikundi unaupita hivi hivi. Unaanza kuishi kwa majina ya watu: laini ya shemeji, akaunti ya jirani, korosho zako zinapimwa kwa jina la kaka. Siku mkigombana, kaka anabaki na pesa na wewe huna pa kushtaki, kwa kuwa karatasi zote ni zake. Hayo ndiyo mafaili ninayoyapokea, na wengi wa wanaoyaleta ni Watanzania. Kama unataka kujua uhamiaji haramu unafanya nini mpakani, unamfanya raia aishi kama mtoro.

Na sasa ile karatasi ya katikati ya faili. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, asiye raia hana haki ya kumiliki ardhi ya kijiji. Kila mwenye tamaa kijijini analijua hilo, hata asiyejua kusoma. Mume amefariki, mjane ana mikorosho inayozaa, ndugu wa marehemu wanaitaka. Kumwambia aondoke tu, baraza la ardhi la kijiji litakataa. Lakini mtu akinong'ona kwa mtendaji kwamba "huyu mama asili yake ng'ambo," mzigo wote unamhamia mjane. Yeye ndiye wa kuthibitisha, yeye ndiye wa kutafuta mashahidi, na wakati anahangaika na nauli za kwenda wilayani, korosho zinaokotwa na walionong'ona. Msimu ukiisha, madai nayo hulala. Msimu ukikaribia, yanaamka. Mbinu hiyo hiyo hutoka kabatini wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa, ambapo mtu aliyekuwa mjumbe kwa muda mrefu anawekewa pingamizi kwamba si raia.

Kwa hiyo, mheshimiwa mwanasheria, tunawataja. Tunawataja sana. Ila tunaowataja ni wale tuliogombana nao.

Kuna upande wa pili, na sitaki uonekane nimeukwepa. Oktoba 2020 wapiganaji wa itikadi kali walivuka kutoka Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji la ng'ambo ya mto, wakaishambulia Kitaya, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Baada ya hapo, kumwambia askari wa doria "huyu namfahamu, ni ndugu" kulikuwa na uzito mwingine. Wapo walioacha mashamba ya kando ya mto wakalala mbali kwa muda mrefu. Mashambulizi ya kule yalianza Mocímboa da Praia mwaka 2017, na miongoni mwa wapiganaji walikuwemo vijana kutoka Tanzania, kwa hiyo hatari haikuwa na uraia mmoja. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, watu walikimbilia huku na watoto mgongoni. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka huo kwamba zaidi ya watu 9,600 walirudishwa Msumbiji kwa nguvu kupitia kituo cha mpakani cha Negomano tangu Januari. Walikuwemo wenye dada zao Tandahimba. Sheria ya wakimbizi ninaijua, na najua kurudisha mtu kwenye risasi hairuhusiwi. Lakini nilikuwa nalala huku huku mpakani, na mlango niliufunga mapema kama kila mtu. Ungeniuliza wakati ule nani aruhusiwe kuvuka, ningekupa jibu la kifungu, na moyoni ningekuwa na jibu jingine. Mpaka leo hayo majibu mawili sijayapatanisha.

Hata wateja wangu sina uhakika nao wote. Mashahidi watatu, wote wa ukoo mmoja, wote wanasema mama alizaliwa Mnyambe, upande wetu, na mmoja wao ni mdogo kuliko huyo mama. Nifanye nini? Naandika kiapo kama walivyosema. Sina mashine ya kupima damu ya Tanzania, na aliyenipinga hana pia.

Wanaosema watu watumie vituo halali wangetazama ramani kwanza. Kilambo kuna pantoni, na pantoni inajua kusimama maji yakipungua. Mtambaswala kuna Daraja la Umoja, zuri, mita 720, limefunguliwa 2010. Kati ya viwili hivyo kuna zaidi ya kilomita 150 za mto, na vijiji vinavyotazamana vinasikia ngoma za wenzao. Mtu akifiwa ng'ambo asubuhi, maziko adhuhuri, unamtaka apande bodaboda, basi, na basi jingine, akagonge muhuri, ashuke na upande wa pili? Atakuta watu wameshamaliza hadi arobaini. Anapanda mtumbwi, anazika, anarudi jioni. Kwa sheria ya uhamiaji amefanya kosa kwenda na kosa kurudi.

Kwa walio na kesi za namna hii, msije na cheti cha kuzaliwa peke yake. Cheti kinasema umezaliwa, hakisemi wewe ni raia. Kafukueni masanduku ya wazee: kadi ya TANU, stakabadhi ya kodi ya kichwa, daftari la chama cha msingi lenye jina la babu, kadi ya kliniki ya mama. Waliobatizwa waende misheni, Ndanda au Masasi, vitabu vya ubatizo vya zamani viliandika kijiji na majina ya wazazi wote wawili. Waislamu waulizieni shuleni, rejista ya darasa la kwanza husaidia sana. Na shahidi, tafadhali, awe amemzidi umri yule anayemshuhudia.