Fundi wa kazi za mikono na mimba ya pili: dhana potofu na ukweli wake

Mimba ya kwanza humkuta fundi akiuliza kila kitu. Ya pili humkuta akijijibu mwenyewe: mara ile nilitia rangi hadi mwezi wa nane na sikudhurika. Lakini mimba hizi mbili hazilingani. Mwili bado una alama za ile ya kwanza, na karakanani sasa kuna mtoto mwingine anayetambaa chini ya meza. Dhana nyingi za washonaji, wafinyanzi, watia rangi na watengeneza mapambo hukosea hapo hapo.

"Mwili umeshazoea, ya pili huwa nyepesi"

Upo ukweli kidogo. Uchungu wa pili kwa kawaida huwa mfupi, na mama huanza kumsikia mtoto akicheza mapema, pengine wiki ya 16, ilhali wengi mara ya kwanza husikia karibu na wiki ya 20. Lakini misuli ya tumbo iliyokwisha kutanuka haiushiki mgongo kama zamani. Tumbo hutokeza mapema, na maumivu ya kiuno na nyonga huwapata zaidi waliokwisha kuzaa.

Kwa fundi, hii ina maana kwamba meza itakuwa mbali mapema. Tumbo husukuma kiti nyuma, mikono hunyooka, mgongo hupinda, na jioni shingo na kiuno huwaka. Dawa yake ni kuisogeza kazi imfuate fundi. Viwiko viwe usawa wa meza, nyayo zote ziguse chini au kibao, magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Anayeshona kwa mkono aweke mto mgumu mapajani, ili kitambaa kiinuke hadi usawa wa kifua. Mfinyanzi wa gurudumu alipandishe gurudumu na kiti pamoja. Akipandisha kimoja tu, ataendelea kuinama. Anayesimama aweke mguu mmoja juu ya kibao cha sentimita 10 hadi 15, na abadilishe mguu kila baada ya dakika chache.

Kama watoto wamefuatana, kuna jambo la damu pia. Shirika la Afya Duniani hupendekeza ipite angalau miezi 24 tangu kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba ikiwahi, akiba ya madini ya chuma huenda haijarudi, na uchovu ambao fundi anausingizia oda nyingi unaweza kuwa upungufu wa damu. Dozi ya kawaida kwa mjamzito ni miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki kila siku. Usimeze vidonge hivyo kwa chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini.

"Kazi ya kukaa si kazi"

Anayekaa saa nne akishona au akipanga shanga hapumziki. Damu hutuama miguuni, na katika ujauzito damu huganda kwa urahisi zaidi. Kila nusu saa inuka, tembea dakika mbili au tatu, kisha zungusha vifundo vya miguu. Kuvimba miguu yote miwili jioni ni kawaida. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mikono nayo ina habari yake. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayozidi usiku hutokana na maji ya mwilini kubana mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono. Wengi hudhani ni uchovu wa sindano, wakaongeza kukandakanda. Kinachosaidia ni kulala na kifundo kimenyooka, kimefungwa kibao laini, na kupunguza kazi ya kukunja kifundo huku umebana kitu: mkasi mgumu, koleo, kufinya udongo mzito. Kwa wengi huisha baada ya kujifungua.

"Rangi za asili hazina madhara"

Dhana hii tunaiona ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu inawafanya watu makini waache kujilinda. Majani, magome na mizizi mara nyingi ni salama kiasi. Tatizo ni kile kinachoshikisha rangi. Shabu ni ya upole ukilinganisha. Mrututu (salfeti ya shaba) ni sumu na unataka glavu na chombo chake peke yake. Dikromati ya potasiamu husababisha saratani na haifai kabisa, ukiwa na mimba au bila mimba. Anayetumia kostiki soda na haidrosulfaiti kutia rangi ya vati (rangi isiyoyeyuka majini hadi itiwe kemikali hizo) ajue kwamba moja huchoma ngozi na macho, na nyingine hutoa gesi inayokaba kifua.

Hatari kubwa ni wakati wa unga. Rangi ya unga ikishalowana haipeperuki tena, lakini pale unapofungua mfuko na kuchota kijiko, chembe zake huingia puani bila kuonekana. Baadhi ya rangi za unga huzoesha mapafu vibaya hadi kiasi kidogo tu kilete pumu. Kwa hiyo mtu mwingine apime na kuchanganya unga, kwenye upenyo wa hewa, juu ya gazeti lililoloweshwa maji ili linase vumbi. Wewe upokee mchanganyiko uliokwisha kuwa maji. Kostiki hutiwa ndani ya maji baridi kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki, huchemka ghafla na kuruka. Vyombo vya rangi visirudi jikoni hata vikisuguliwa.

Nta ya batiki iyeyushwe kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji. Ikianza kutoa moshi imepita kiasi, na moshi huo huchoma macho na koo.

"Barakoa ninayo, inatosha"

Inatosha kwa kitu gani? Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini. Ya aina ya N95 au FFP2 huzuia vumbi, lakini mvuke wa thina, vanishi na gundi zenye viyeyusho hupita kama vile haipo. Mvuke unahitaji vichujio vya mkaa vinavyobadilishwa. Na hakuna barakoa kati ya hizo inayozuia hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi itokayo kwenye tanuri au jiko la mkaa ndani ya chumba. Hewa hiyo hujikusanya zaidi katika damu ya mtoto tumboni na huchelewa kutoka. Tanuri liwe nje, au mwingine alichochee. Gundi za maji ziwekwe badala ya hizo zenye viyeyusho kila inapowezekana.

"Kazi ya risasi niliiacha siku nyingi"

Risasi, yaani madini ya ledi, imo kwenye waya fulani za kulehemu, kwenye baadhi ya rangi za kung'arisha vyungu na kwenye rangi za zamani unazozikwangua ukifufua fanicha. Mwili huiweka mifupani kwa miaka mingi. Mjamzito anapokosa kalsiamu ya kutosha kwenye chakula, mifupa hutoa kalsiamu yake na risasi hutoka pamoja nayo, ikavuka kondo la nyuma. Fundi aliyewahi kuigusa kwa muda mrefu amwambie mkunga na aombe kipimo cha damu. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo lazima kitafutwe na kuondolewa.

Mfinyanzi ana mtego mwingine: hamu ya kula udongo, na udongo uko mkononi. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe huzuia chuma kufyonzwa na unaweza kuwa na risasi. Ikija, pima damu. Vumbi la udongo mkavu lisifagiliwe. Lina silika inayoharibu mapafu. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa.

"Kufunga mafundo na kuinua mikono humviringisha mtoto kitovu shingoni"

La. Kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, huviringika kwa sababu mtoto anajigeuza ndani ya maji, na huonekana shingoni kwa takriban mtoto mmoja kati ya wanne, wengi wao wakizaliwa salama. Suka, funga, tarizi. Wala cherehani ya miguu haiharibu mimba iliyo salama. Itakuchosha miguu tu.

"Nimeacha kubeba mizigo"

Umeacha mifuko ya udongo na majora ya vitambaa. Na mtoto je? Watafiti wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, walipendekeza kwa mjamzito mwenye afya anayeinua mara chache, mzigo ukiwa karibu na mwili, takriban kilo 16 katika nusu ya kwanza ya mimba na kilo 12 baadaye, na asiinue kutoka chini ya katikati ya muundi wala juu ya kichwa. Mtoto wa miaka miwili ana kilo 12 hivi, na huinuliwa mara nyingi kwa siku, kutoka sakafuni. Mfundishe kupanda kigoda, kaa ndipo umpakate. Mfuko wa udongo wa kilo 25 ukatwe vipande vya kilo 5 unapofika, si siku ya kuutumia.

"Mtoto mkubwa acheze karakanani, atazoea"

Hazoei, anaonja. Kitu chenye kipenyo chini ya sentimita 3 kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu: shanga, vifungo, ncha za gundi. Betri za kifungo zikimezwa huunguza umio ndani ya saa mbili. Sumaku ndogo mbili za vifungio vya mikufu hunasana utumbo ukiwa katikati. Kostiki iliyohifadhiwa kwenye chupa ya soda imewaharibu watoto wengi koo. Badili nguo na nawa mikono kabla ya kumkumbatia, kwani vumbi la risasi husafiri juu ya aproni.

"Ya kwanza ilikwenda salama, kliniki ingoje"

Ziara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12, na kwa jumla ziwe angalau 8. Mwenye damu ya Rh hasi (kundi la damu lenye alama ya kutoa, kama O-) ana sababu ya pekee: mtoto wa kwanza mwenye Rh chanya kwa kawaida husalimika, wa pili ndiye anayeshambuliwa na kinga za mama. Sindano ya anti-D, inayozuia kinga hizo zisijengeke, hutolewa karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kuzaa mtoto mwenye Rh chanya. Eleza pia kama ulipata kifafa cha mimba au shinikizo la damu mara ya kwanza. Baada ya wiki ya 20, maumivu makali ya kichwa, kuona nyota, uso kuvimba au maumivu chini ya mbavu si uchovu wa kazi. Nenda mara moja.

"Nitafanya kazi hadi uchungu uanze"

Kipindi cha uchungu mkali kwa kawaida hakizidi saa 12 kwa mzazi wa kwanza na saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa, na mara nyingi huwa kifupi zaidi. Aliyezoea kusubiri nyumbani siku nzima mara ya kwanza anaweza kuchelewa mara ya pili. Oda ya mwisho ikabidhiwe wiki ya 36, na upokeaji wa oda mpya ufungwe karibu na wiki ya 32. Baada ya hapo usiwashe tanuri ambalo hakuna mwingine anayejua kulizima, wala usiloweke nguo za vati zinazohitaji kutolewa kwa saa maalumu. Bandika ukutani karatasi yenye majina ya wateja, kilicholipwa, kilichobaki, ufunguo wa kabati la kemikali uliko, na jina la atakayebaki na mtoto mkubwa ikiwa uchungu utaanza usiku.