Ushauri wa kisheria si kila anachoandika wakili

Wiki iliyopita mama mmoja aliketi mbele ya meza yangu, bahasha ya kaki mapajani. Ndani mlikuwa na barua ya kuachishwa kazi. Nikahesabu siku tangu tarehe ya barua, zikafika 47. Nilipomuuliza kwa nini hakuja mapema, akanijibu akiwa ametulia kabisa: "Ushauri wa kisheria nilishaupata, mwanangu. Wakili alisema nina miaka 3." Akafungua simu akanionyesha video. Wakili mwenyewe amevaa nadhifu, Kiswahili chake kizuri, maelezo yamenyooka, na kila alichosema ni kweli. Tatizo ni kwamba wakili yule yuko Nairobi na anaeleza Sheria ya Ajira ya Kenya, ambayo kweli inampa mfanyakazi miaka 3 ya kudai. Mama huyu kafukuzwa kazi Dar es Salaam. Huku Tanzania Bara, anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo haki anatakiwa kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30.

Nimelisikia neno hili likitumiwa vibaya mara nyingi mno. Ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya mawakili, na kurasa zetu za mitandaoni naziandika mimi, kwa hiyo sisemi haya kama mtu wa nje. Nataka tuelewane vizuri kuhusu maneno haya mawili, ushauri wa kisheria.

Maana yake kwa ufupi: ushauri wa kisheria ni maoni anayokupa mtu mwenye sifa za kisheria kuhusu jambo lako wewe, baada ya kukusikiliza na kuzijua nyaraka zako, akijua kwamba utayafuata na yeye atawajibika kwa alichosema. Maelezo ya sheria yanayotolewa kwa watu wote, awe ameyatoa wakili, mwalimu au redio, ni elimu ya sheria. Vitu hivi ni viwili. Hata sheria yetu imevitenganisha: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inapoeleza msaada huo ni nini, inataja elimu na taarifa za kisheria peke yake, ushauri peke yake, na uwakilishi mahakamani peke yake.

Sasa tulitazame neno lenyewe, kwa sababu lina hazina ambayo hatuitumii.

Kuna wanaodhani ushauri na sheria ni ndugu kwa kuwa yanafanana masikioni. Si ndugu. Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini kila moja na mzizi wake. Sheria asili yake ni njia, hasa njia ya kuendea maji. Shauri limetoka kwenye mzizi mwingine, ule uliozaa shura, jina la sura ya 42 ya Kurani. Na wataalamu wa zamani wa lugha ya Kiarabu waliuhusisha mzizi huo na kitendo ambacho warina asali wote wanakijua: kuitoa asali mzingani. Kushauriana, walieleza, ni kuitoa rai iliyo ndani ya mtu kama mrinaji anavyoitoa asali ndani ya mzinga. Napenda sana maelezo haya. Asali hairinwi kwa kupita njiani na kusema kwa sauti kwamba nyuki wana asali. Lazima uende kwenye mzinga ule, uufungue, uingize mkono.

Waswahili tulipolipokea neno tukalipanua. Mtu hukata shauri, maana yake ameamua. Ukimwonya asikusikie unamwambia "shauri yako", yaani yatakayotokea ni juu yake. Halmashauri za wilaya zinabeba mzizi huohuo. Na mahakamani, shauri ni kesi yenyewe: shauri la madai, shauri la mirathi, orodha ya mashauri imebandikwa ukutani. Wajerumani walipotawala Tanganyika walilichukua neno hili jinsi lilivyo wakaliandika kwa herufi zao, Schauri, na wakalitumia kwa vile vikao vya bomani ambako ofisa alikaa kusikiliza malalamiko ya watu. Kwetu sisi, basi, neno lilelile lina rai inayotolewa na jambo linalotolewa rai. Panapotajwa shauri pana watu wenye majina, pana ugomvi wao, pana mtu wa kuwasikiliza. Video iliyotazamwa na watu 200,000 haina shauri la mtu yeyote ndani yake. Inawezaje kuwa ushauri?

Neno wakili nalo linasema vivyo hivyo. Mzizi wake ni kukabidhi: mtu anamkabidhi mwenzake jambo lake. Ndiko lilikotoka wakala, ndiko kulikotoka kuwakilisha, na ndiko lilikotoka tawakali, mja anapomwachia Mungu mambo yake. Mtu ambaye hujamkabidhi kitu anaweza kuwa wakili kwa cheo, kwa maana ameapishwa na jina lake limo kwenye orodha ya mawakili, lakini bado si wakili wako.

Kwa nini ninahangaika na jambo hili? Kwa sababu tofauti hii inaamua nani anaumia.

Chukua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983. Kila ukurasa wa mawakili nchini umewahi kuigusa. Mahakama ilisema kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa, na zinahesabiwa mali inapogawanywa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Hiyo ni elimu ya sheria, na ni elimu nzuri. Imewafumbua macho wanawake wengi walioambiwa kwamba hawana chao kwa kuwa hawakuajiriwa. Ila wengi hawajui kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao aliouomba. Mahakama ilitazama mambo yake mahususi, ikaona mumewe aliwahi kumpa fedha za mradi wa familia na zikapotea mikononi mwake. Kanuni ilibaki ikasaidia wengine, yeye akatoka mikono mitupu. Mwenye kusoma kanuni peke yake angemwambia Bi Hawa kwamba amekwishashinda. Aliyekaa naye akamuuliza habari za zile fedha angemwambia jingine. Hapo ndipo elimu na ushauri zinapoachana, ndani ya hukumu moja.

Sasa nenda chini ya chapisho lolote kuhusu ndoa usome komenti. "Wakili, nimeishi na mwanaume miaka 3 hatujafunga ndoa, ananifukuza, nyumba ina jina lake, nifanyeje?" Na mtu wa ofisi anajibu kwa mstari mmoja: "Wewe ni mke, dai nusu." Kifungu cha 160 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kweli kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, watu wakawajua kama mke na mume, watachukuliwa kuwa walioana. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa. Ikiwa mwanaume ana ndoa nyingine ya mke mmoja iliyo hai, mambo yanageuka. Ikiwa wako Zanzibar, sheria hiyo haiwahusu. Na hiyo "nusu" haipo kwenye kifungu. Mahakama inapima mchango wa kila mmoja. Jibu la mstari mmoja limetoka kwenye elimu likaingia kwenye ushauri bila kuuliza hata swali moja.

Wenzangu maofisini husema, "Lakini hatukumtoza hata senti." Ada haihusiki. Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota, Marekani, mwaka 1980 iliamua kesi maarufu ya Togstad. Mke wa mgonjwa aliyepooza baada ya matibabu alikwenda kumwona wakili, wakazungumza kwa muda usiozidi saa moja hivi, hakulipa kitu. Wakili akamwambia haoni kama wana kesi. Hakumwambia kwamba madai ya namna hiyo yana ukomo wa miaka 2. Mama akamwamini, akakaa, muda ukapita. Mahakama ikaona kwamba alipewa ushauri wa kisheria, ingawa hakukuwa na mkataba wala risiti, na fidia iliyothibitishwa ilizidi dola 600,000. Uamuzi huo hauifungi mahakama ya kwetu. Bado unaonyesha kilichokuwepo kwenye yale mazungumzo: mtu mmoja, jambo lake, swali lake, jibu alilolitegemea. Vitu hivyo vikikutana kwenye inboksi ya Instagram, ushauri umetolewa hata kama uliandikwa kwa kidole gumba ndani ya daladala.

Kuna na neno la tatu, tangazo, nalo sitakaa nalo sana. Ofisi inayosimulia kesi ilizoshinda inajitangaza, hata ikiita masimulizi hayo elimu. Virginia, Marekani, mwaka 2013, mahakama ya juu ya jimbo ilimwambia hivyo wakili aliyekuwa akiandika kwenye blogu yake kuhusu kesi zake za jinai, nyingi zikiwa alizoshinda: unaruhusiwa kuandika yaliyokwisha kusemwa hadharani mahakamani, lakini haya ni matangazo na yawekwe tahadhari yake. Kenya, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2012 kwamba kuwakataza mawakili kabisa wasijitangaze kunagongana na Katiba, kwa kuwa mwananchi ana haki ya kupata taarifa za huduma na ya kuifikia haki, na kanuni mpya za matangazo zikafuata mwaka 2014. Kujitangaza si dhambi. Nakerwa tu tangazo linapovikwa jina la ushauri.

Hakuna mahali ninapotaka mawakili wanyamaze. Kinyume chake, Kiswahili kina njaa ya maandishi ya sheria. Sheria zetu ziliandikwa Kiingereza kwa miaka mingi, na marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama bado yana kazi kubwa mbele. Ofisi ya mawakili inayoeleza kila wiki kifungu kimoja kwa lugha anayoielewa muuza mitumba inafanya kazi ya maana sana, na hao ndio watakaokumbuka jina lake siku wakipata shida. Sioni njia bora ya kupata wateja mitandaoni kuliko hiyo.

Lakini Kiswahili kina jambo lake ambalo wanaoandika Kinorwe hawahangaiki nalo. Lugha yetu inavuka mipaka, sheria haivuki. Video ya Mombasa inatazamwa Tanga, ya Mwanza inatazamwa Goma, na ya Dar inatazamwa Unguja, ambako ni nchi ileile na sheria nyingi tofauti. Ndiyo maana siku hizi kila ninachoandika kwa ajili ya ofisi kinaanza na nchi, tena ikibidi Bara au Zanzibar, kisha jina la sheria, kisha tarehe, kwa sababu sheria hubadilishwa na chapisho linabaki linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp miaka minne baadaye. Na mtu akianza kumwaga habari zake kwenye komenti ninamwomba aache, apige simu au aje. Sifanyi hivyo kwa kumkwepa. Siri kati ya mteja na wakili wake inalindwa na sheria, lakini ukiisimulia hadharani umeshaitoa mwenyewe, na mwajiri wako au mumeo naye anasoma.

Ofisini kwetu chapisho la kila Ijumaa lilikuwa na kichwa kimoja kwa muda mrefu: Ushauri wa Kisheria Bure. Siku ile mama alipoondoka nilikwenda kwa bosi nikamwomba tukibadilishe. Alidhani nachezea maneno. Nikamweleza habari ya zile siku 47, akanyamaza kidogo, akasema kibadilishe. Sasa kinasomeka Elimu ya Sheria, na chini yake, Tanzania Bara.

Mama yule tumemwandalia maombi ya kuongezewa muda. CMA inaweza kumkubalia akitoa sababu ya msingi, ila kutokuijua sheria peke yake kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa sababu, kwa hiyo tunatafuta kama kuna jingine lililomzuia siku zile. Tulipomaliza aliniaga akasema, "Ahsante kwa elimu, mwanangu." Nikamwambia hapana mama, video ndiyo ilikuwa elimu. Huu wa leo ndio ushauri.