Je, Wajua Kwa Nini Miaka 12 Haikupi Ardhi ya Umma?

Nchini Kenya wengi huamini kwamba aliyekalia ardhi kwa miaka 12 bila kufukuzwa amekwisha kuwa mwenyewe, liwe ni shamba la tajiri asiyeonekana au hifadhi ya barabara kuu. Imani hiyo ni sahihi kwa shamba la tajiri, tena kwa masharti, lakini kwa hifadhi ya barabara si sahihi hata kidogo. Wapo pia wanaokubali kwamba ardhi ya umma ina kinga, ila wanadhani kinga yenyewe ni muda mrefu zaidi, labda miaka 30 au 60, na kwamba mvumilivu hatimaye atakula mbivu. Hesabu hiyo ni ya Uingereza. Huko kanuni ya kale kwamba muda haumpiti mfalme ilipunguzwa mwaka 1769 na kuwekewa kikomo cha miaka 60, na sheria ya 1980 inataja miaka 30 kwa sehemu kubwa ya ardhi ya Taji na 60 kwa ufuo. Kenya, ambayo haina mfalme, ndiyo iliyobaki na kinga ya kifalme iliyo kamili: haina kikomo chochote.

Ili kuelewa sababu yake, ni vyema kwanza kuondoa dhana nyingine, kwamba sheria humzawadia mvamizi ardhi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ukomo wa Muda wa Kushtaki, Sura ya 22, humnyima mwenye ardhi haki ya kudai irudishwe baada ya miaka 12. Mkaaji hufaidika kwa sababu hakuna tena awezaye kumtoa. Mfano wake ni mtungi uliowekwa chini ya bomba linalodondosha. Kila siku ambayo mgeni anakaa waziwazi, bila nguvu na bila ruhusa, tone moja huingia. Mwenye ardhi akimruhusu kukaa, bomba limefungwa. Akimshtaki kwa wakati, matone hayaendelei kuhesabiwa. Asipofanya lolote, mtungi hujaa. Kinachofanywa na Kifungu cha 41 kwa ardhi ya Serikali ni kuung'oa mtungi kitako. Matone yatadondoka miaka 12 au 50, na yote yatamezwa na mchanga. Kifungu cha 42 kinakamilisha kazi kwa kuiondoa Serikali katika ukomo huo inapodai kurudishiwa ardhi yake.

Maneno ya Kifungu cha 41 ni ya zamani kuliko Katiba ya 2010, hivyo sharti yasomwe pamoja na Kifungu cha 62 cha Katiba, kinachoeleza ardhi ya umma ni ipi. Kwa upande wa ardhi ya watu binafsi, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi iliamua mwaka 2015, katika kesi ya Mtana Lewa, kwamba utaratibu wa miaka 12 haukiuki Katiba.

Sehemu ya ajabu zaidi huja ardhi ya umma inapogawiwa mtu binafsi. Kitako hutiwa siku hiyo, na maji ya nyuma hayarudi. Familia iliyohamia mwaka 1985 kwenye ardhi iliyokabidhiwa mtu binafsi mwaka 2015 haiwezi kuwasilisha dai kabla ya 2027, sawa kabisa na jirani aliyefika siku ya ugawaji. Na ikiwa ugawaji wenyewe ulikuwa haramu, hesabu huenda isianze kabisa. Mwaka 2023, katika kesi ya kiwanja cha ufukweni Nyali, Mombasa, Mahakama ya Juu ilikataa kuilinda hatimiliki ambayo chanzo chake kilikuwa ugawaji usiofuata sheria wa nafasi ya umma. Kwa mantiki hiyo, mwenye hati ya namna hiyo na skwota aliye ndani ya ua wake wanaweza kushtakiana kwa miaka mingi, kisha wote wawili waondoke mikono mitupu.