Tatu hazitoshi: ndege, nyambizi na silaha za nyuklia

Kila ninapoulizwa kama nchi isiyo dola kuu iweke silaha zake za nyuklia kwenye ndege au kwenye nyambizi, huanza na Uingereza ya miaka ya 1960. Ndege zake za mabomu ya nyuklia, Vulcan na Victor, zilikaa karibu kabisa na njia ya kurukia, marubani jirani nazo, kwa sababu tangu rada ione makombora ya Wasovieti hadi yatue zingepita dakika chache tu. Uwanja wa ndege haujifichi. Adui akiuwahi, kisasi kimekwisha, na asiyeogopa kisasi hazuiliki.

Hata ndege hizo zingewahi kupaa, kombora la nyuklia la Blue Steel zilizobeba lilifika kilomita 240 hivi, kwa hiyo zingelazimika kupenya ulinzi wa anga wa adui. Tumaini likawa Skybolt, kombora la Marekani la masafa marefu zaidi. Desemba 1962 Marekani ikaufuta mradi huo. Waziri mkuu wa Uingereza, Macmillan, akamfuata Rais Kennedy wa Marekani huko Nassau, Bahamas, akarudi na ahadi ya Polaris, makombora ya kurushwa kutoka chini ya maji. Tangu 1969 Uingereza haijakosa nyambizi ya nyuklia doriani hata siku moja.

Nyambizi ikishazama, hata rafiki hajui ilipo. Februari 2009 nyambizi za nyuklia HMS Vanguard ya Uingereza na Le Triomphant ya Ufaransa ziligongana ndani ya Atlantiki. Nchi mbili washirika, bahari yote ile, na hakuna aliyemsikia mwenzake! Ilikuwa ajali ya kutisha, lakini sijui ushahidi mkubwa zaidi wa maficho hayo.

Bei yake ni kuwa na nyambizi nne. Ili moja iwe doriani daima, nyingine inajiandaa, nyingine ndiyo kwanza imerudi, na ya nne imefumuliwa kwa matengenezo makubwa. Vanguard iliingia matengenezo 2015, ikarudi baharini 2023. Mzigo ukawaangukia mabaharia wa zile tatu: doria za miezi mitatu hivi zikapita mitano, bila kuweza kutuma hata neno nyumbani. Hilo linaniuma kuliko gharama. Nchi inayomudu mbili tu, naishauri ibaki na ndege, maana nyambizi iliyofungwa gatini ni shabaha kama uwanja wa ndege, na haiondoki kwa dakika.

Ndege nayo ina sifa yake: huonekana, na huweza kuitwa irudi. Ndiyo maana Ufaransa ina nyambizi nne kwenye kituo chake cha Île Longue lakini haijaacha ndege za kivita za Rafale zenye kombora la nyuklia la ASMPA. Hilo wanalihesabu kuwa onyo la mwisho kabla ya makombora ya nyambizi.

Uingereza ilistaafisha bomu lake la mwisho la nyuklia la ndege 1998. Mwaka 2025 ilitangaza kununua ndege 12 za kivita za F-35A kwa ajili ya jukumu la nyuklia la NATO, ila mabomu ni ya Marekani, na bila idhini ya rais wa Marekani hayaruki. Kwa hiyo mimi siyaweki kwenye hesabu ya silaha za Uingereza.